Boti Iliyomngoja Ponsiano

Siku Ponsiano alipozikwa, boti yake ilikataa kuondoka Kirando.

Walirudi gatini saa tisa alasiri, wanawake wanne wenye vumbi la makaburini miguuni: Leokadia mkewe, Bibi Skolastika mama yake mzazi, na binti zake wawili, Gaude wa miaka kumi na tisa na Editha aliyekuwa bado hajatimiza sita. Walipanda ubao mmoja mmoja. Leokadia aliingia chumba cha usukani akabonyeza kitufe cha injini. Injini haikutoa hata mguno. Kwenye kioo kidogo juu ya usukani yakatokea maandishi ya kijani: WANNE WAPO. NAMNGOJA PONSIANO.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi Skola kutoka mlangoni.

"Karani, Mama. Anamngoja baba yao."

Bibi akashika kizingiti. "Mwache angoje," alisema. "Walau yeye hana haraka."

Karani lilikuwa jina la watu wa ziwani kwa ile mashine iliyolala chini ya sakafu za boti zao. Ziwa Tanganyika lilipopanda na kumeza barabara ya pwani, familia nyingi zilihamia kwenye boti, na boti zikawa duka, shule, zahanati. *Tutafika Tu*, boti ya Ponsiano, ilikuwa mashine ya kusaga. Ilikwenda Kirando, Kipili, Ninde, Wampembe, Kala, kisha ikarudi, ikisaga mahindi ya watu na makopa yao ya muhogo. Mwanzoni boti hizo ziliondoka kama zilivyotaka, hadi asubuhi moja boti ilipong'oa nanga huku watoto wake wawili wakiogelea nyuma yake. Baada ya msiba ule sheria ya ziwa ikasema: boti ya familia haitawasha injini mpaka watu wake wote wawe ndani. Karani aliwajua kwa miguu. Alipima uzito wa mtu kwenye ubao, urefu wa hatua, kisigino kinavyotua, na kila aliyemtambua alimlizia kengele. Hakuwa na macho, wala hakuwa na haja nayo.

Aliyetaka kubaki nchi kavu aliomba ruhusa mwenyewe, kwa kidole na sauti yake. Gaude alifanya hivyo alipokwenda Sumbawanga kwenye mtihani wa kidato cha nne. Aliyekufa alifutwa. Kioo kiliuliza swali moja, HARUDI?, na kila mtu mzima wa boti aliweka kidole na kujibu: Harudi. Jina likatoka, na boti ikaendelea na safari.

Leokadia aliweka kidole. Swali likatokea. Alifungua kinywa, akahisi ulimi umekuwa mzito kama ugali wa jana.

"Kesho," aliiambia mashine.

Karani hakuwa na kifungu cha kesho. Alifuta swali akarudi kungoja.

*

Siku ya tatu watu wa Kirando walikuwa wamekwisha kusaga kila punje waliyokuwa nayo, na watu wa Kipili walikuwa wanapiga simu kuuliza kama sasa watafune mahindi makavu kama punda. Leokadia alikuwa amejaribu mara nne. Mara nne neno lilimkwama.

Gaude alikuwa amerukia gatini bila kukanyaga ubao, anapakia gunia la mwisho la pumba. Sandali zake zilikuwa zimenasa topeni, akaingiza miguu kwenye katambuga za baba yake zilizokuwa bado chini ya ubao, zile sandali za matairi zilizomzidi urefu wa vidole vitatu. Gunia lilimwelemea bega la kushoto. Ili zile sandali zisimtoke, ilimbidi aburute mguu. Akapanda ubao akiburuta, akitweta, akalaani kidogo.

Kengele ikalia. Injini ikanguruma.

Leokadia alitoka mbio jikoni akiwa na mwiko. Kioo kilikuwa kimeandika: WATANO WAPO. SAFARI NJEMA.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mama! Nimebeba gunia tu!"

Bibi Skola, aliyekuwa amekaa juu ya debe akimenya muhogo, alimtazama mjukuu wake kuanzia gunia mpaka sandali. Mabega yake yakaanza kutikisika. Leokadia alidhani analia, akamsogelea. Kumbe kicheko.

"Karani amekudhani wewe ndiye Ponsiano," alisema Bibi. "Na kweli, ulivyonuna! Baba yako mtupu!"

Wakacheka wote. Walicheka mpaka Editha akashikwa na kwikwi na Leokadia akakaa chini sakafuni na mwiko wake. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Ponsiano alipofia hospitalini. Kisha Leokadia aliinuka, akashika usukani, wakaenda Kipili.

Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza. Kila walipotaka kuondoka mahali, mtu mmoja aliyekwisha kuhesabiwa alirukia gatini bila kukanyaga ubao, akavaa katambuga, akabeba gunia la kumfikisha uzito wa Ponsiano, kilo themanini na tatu, akapanda ubao kwa mwendo wa Ponsiano. Gaude alihitaji kilo thelathini na moja, Leokadia kumi na tisa. Bibi Skola alikuwa mwepesi kama kapu tupu, hivyo akawa mwalimu.

"Leo nani Baba?" Editha aliuliza kila asubuhi ya safari.

"Leo Mama."

"Mama, jana ulitembea kama bata!"

"Baba yako alitembea kama bata, nimwige nani?"

"Ponsiano hakuinua bega hivyo," Bibi alipaza sauti kutoka kwenye debe lake. "Shusha! Mguu wa kushoto unachelewa, hauburuzwi. Unachelewa tu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Watu walianza kuja gatini mapema ili waone. Leokadia mwenyewe aligundua jambo asilolijua kwa miaka ishirini ya ndoa: kwamba Ponsiano alipofika katikati ya ubao alisita, akageuza kichwa kutazama nchi kavu, ndipo akamalizia. Aliligundua kwa miguu yake. Alipolisahau, kengele haikulia. Alipolifanya, ililia.

Siku Gaude alipougua homa na Leokadia kateguka kiuno, mbeba mizigo mmoja wa Kala alijitolea kuwa Baba. Wenzake wakataka nao wajaribu. Wakapanga mstari, wanaume saba wakiburuta miguu juu ya ubao mmoja baada ya mwingine, Bibi akiwafukuza kama mwalimu mkuu: "Wewe nenda zako, una mwendo wa mdaiwa! Wewe hapo, rudia!" Wa sita ndiye aliyepita.

Baada ya kupanda, lile gunia lililazwa stoo, kwenye mkeka aliokuwa akipumzikia Ponsiano mchana. Karani alihisi uzito umetulia, akaandika kwenye kioo: PONSIANO AMELALA. Maandishi hayo yalikaa pale usiku na mchana, kwenye kona, chini ya kipimo cha betri. Leokadia hakumwambia mtu yeyote kwamba kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, alipita kuyasoma.

*

Maisha ya botini si ya kila mtu. Ni nyumba isiyo na mlango wa kubamiza. Ukigombana na mkwe wako saa mbili, saa tatu mnakunywa chai mmegusana magoti. Unga unaingia masikioni, kwenye godoro, kwenye chumvi. Ziwa likichafuka sufuria zinahama zenyewe. Lakini pia ni nyumba ambayo kila wiki inakuwa na majirani wapya na ugomvi wa zamani unabaki gati la nyuma. Editha alijifunza kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya gauni. Baba yake ndiye aliyemfundisha, akimshika chini ya mgongo: ukichoka usipigane na maji, lala chali, maji hayana neno na mtu aliyelala.

Miezi kumi na minne ilipita. Editha akawa na miaka saba.

Alhamisi moja, siku ya soko la Wampembe, Bibi Skola alijipatia mbuzi kwa kubadilishana na madebe matatu ya unga. Alikuwa mbuzi jike, mweupe, mwenye macho ya dharau.

"Mama, mbuzi botini?" alisema Leokadia.

"Maziwa ya chai. Tangu nizaliwe nimekunywa chai ya maziwa, sasa nakunywa chai ya unga wenu unaopeperuka."

"Atalala wapi?"

"Watu wangapi wanalala humu na hakuna aliyeuliza?"

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Ilipofika saa tatu na nusu, Leokadia alikuwa mweupe wa unga mpaka kope. Gaude alivaa katambuga, akabeba, akapanda, kengele ikalia. Bibi akapanda akimvuta mbuzi wake. Kengele ikalia tena, kisha ikalia mara ya tatu. Leokadia aliangalia kioo haraka, akiwa na kiu na haraka ya kumaliza: WATANO WAPO. SAFARI NJEMA.

Akang'oa nanga.

Walikuwa wamekwenda nusu saa, milima ya Wampembe imeanza kuwa ya bluu nyuma yao, redio ilipotangaza kipindi cha hesabu cha darasa la pili.

"Editha! Kipindi!"

Leokadia akapaza sauti zaidi.

"We Editha! Gaude, mwite mdogo wako."

"Si yuko na wewe?"

Leokadia aliangalia kioo. Kilisema: EDITHA YUKO JIKONI. Moyo ukatulia. Akamwachia Gaude usukani, akaenda jikoni na maneno yake ya kugomba yakiwa tayari mdomoni.

Jikoni alisimama mbuzi. Alikuwa amekwisha kula jalada la daftari la hesabu na sasa alikuwa kwenye jedwali la saba.

Leokadia alitazama chini ya meza. Alitazama stoo, chooni, juu ya paa kwenye paneli za jua, nyuma kwenye kamba za kuanikia. Bibi Skola alimfuata akifungua hata vyungu, vyungu ambavyo mtoto wa miaka saba asingeweza kuingiza zaidi ya mguu. Kioo kiliendelea kusema EDITHA YUKO JIKONI, kwa utulivu wa karani ambaye saa zake za kazi hazijaisha.

"Geuza boti," alisema Leokadia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Gaude alikuwa ameshageuza.

*

Walimkuta amekaa ukingoni mwa gati la Wampembe, amefungwa kanga isiyo yake, anakula samaki, mgebuka wa kukaanga. Nywele zilikuwa bado zinachuruzika maji. Pembeni yake alisimama Mama Zeno, muuza samaki, mikono kiunoni.

"Mama Gaude," alisema kabla boti haijagusa matairi ya gati, "mtoto si ndoo, kwamba utairudia ukikumbuka!"

Leokadia aliruka bila kungoja ubao. Alimshika mtoto kichwa, mabega, vidole, kama mtu anayekagua mzigo uliovunjika njiani. Alikuwa mzima.

"Alikuwa chini ya gati, anaosha yale machekeche yenu ya unga," Mama Zeno aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Akaona boti inaondoka. Akaita. Injini na mashine za sokoni, nani angesikia? Akajitupa majini. Mama Gaude, alivuka ile nguzo ya mwisho! Mimi nikavua viatu, nikapiga yowe. Kisha nikamwona amelala chali juu ya maji, kimya, kama kipande cha ubao. Nikasema, ameisha. Kumbe anapumzika! Akapumzika wee, akageuka, akarudi mwenyewe. Anafika, salamu hakuna, anauliza samaki bei gani."

"Nilikuwa na njaa," alisema Editha.

Bibi Skola alikaa kwenye ngazi ya gati na kujifunika uso kwa upande wa kanga. Gaude alikuwa analia waziwazi, kamasi na vyote.

"Twende mwanangu," alisema Leokadia. "Twende ukabadilishe nguo."

"Sipandi."

"Editha."

"Sipandi." Alichomoa mwiba mdomoni, akauweka kando kwa uangalifu. "Baba mnamngoja kila siku. Kila siku mnavaa viatu vyake, mnamngoja. Mimi hamkuningoja hata kidogo."

Mama Zeno akajifanya kupanga samaki.

*

Wakamwita fundi Oresto. Alikuwa na kibanda chake cha betri hapo hapo gatini, na aliwahi kusoma darasa moja na Ponsiano. Aliinua mbao mbili za sakafu, akachomeka waya, akaangalia kifaa chake muda mrefu huku akitafuna muwa.

"Shemeji," alisema mwishoni, "Karani wako anaumwa ugonjwa wa upole."

"Sema niuelewe."

"Hawa hujifunza. Mtoto hukua, mzee huanza kuchechemea, mwanamke huwa mjamzito. Karani asiyejifunza angewakana watu wake kila mwezi. Kwa hiyo anayekaribia kufanana, humkubali, halafu husema moyoni: kumbe hata hivi ni yeye. Mlango unapanuka kidogo. Mlimletea Gaude mkasema ni Ponsiano. Akapanua. Wewe, akapanua. Yule mbeba mizigo wa Kala—"

"Yule alikuwa mzuri," alisema Bibi. "Alikosea bega tu."

"Bibi, shikamoo, lakini niache nimalize. Mmemfundisha kwamba mtu anaweza kutembea kwa kila namna na bado akawa yuleyule. Naye hana mlango mmoja mmoja wa kila jina, ana mlango mmoja tu. Sasa umekuwa mpana kiasi kwamba mbuzi wa kilo ishirini na mbili amepita, akaandikwa Editha. Miguu minne!"

Hakuna aliyecheka. Oresto mwenyewe alitema makapi ya muwa majini.

"Anatibika?" aliuliza Leokadia.

"Namfundisha upya. Kila mtu atembee mara ishirini kwenye ubao. Lakini siwezi kumfundisha miguu isiyokuwepo, shemeji. Jina likibaki bila miguu, ataitafuta hiyo miguu kwa kila anayepanda. Mwaka ukiisha tutakuwa hapa tena." Alishusha sauti. "Mimi pia nilikuwa nakuja kumtazama Ponsiano wenu pale kwenye ubao. Nilikuwa nafunga kibanda nije. Sisemi haya kwa raha."

"Au mng'oe kabisa huyo Karani," alisema Bibi Skola. "Toa hizo nyaya utupe ziwani. Tutahesabu kwa midomo yetu. Nimelea watoto wanane bila kioo na hakuna niliyemwacha gatini."

Oresto alimtazama Leokadia. "Inawezekana. Sheria haitaki, ila inawezekana."

Leokadia alitaka kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa jepesi, lingetoka lenyewe. Wangehesabu kwa midomo, na hakuna ambaye angelazimika kumjibu Karani lile swali lake, si leo wala mwakani. Kisha akakumbuka saa tatu na nusu ya asubuhi ile, kiu yake, unga machoni, maandishi ya kijani.

"Mimi leo sikuhesabu," alisema. "Niliangalia kioo tu. Na kesho nitakuwa nimechoka vilevile."

Bibi Skola aliinuka akaingia jikoni. Walisikia akimfokea mbuzi.

Leokadia alimfuata. Bibi alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo, anakusanya vipande vya daftari.

"Mama."

"Wewe utapata mume mwingine. Usinikatize, una miaka arobaini na miwili, utapata. Hawa watoto watapata waume. Mimi nitapata wapi Ponsiano?" Alikunja karatasi ndogo ndogo, akaziweka mfukoni kama kitu cha kutunza. "Kila asubuhi mkiwa bado mmelala nakwenda pale kwenye usukani. Sijui kusoma sana, lakini hayo nimeyajua. Ponsiano amelala. Nasema haya, alale, amechoka. Halafu narudi kitandani."

Leokadia akaanza kucheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko.

"Kuna la kuchekesha?"

"Mimi pia, Mama. Kabla ya chai. Ninakwenda kwa kunyata ili nisikuamshe."

Bibi aligeuka. "Ndiyo maana ule ubao wa sakafuni unalia alfajiri! Nilidhani panya."

"Nami nilidhani panya."

Walikaa chini pale pale, kati ya mafiga na mbuzi, magoti yamegusana kama ilivyokuwa lazima humo jikoni. Kupitia dirishani walimwona Editha gatini, amewapa mgongo, mgongo mdogo wenye kanga ya watu.

"Alilala chali," alisema Bibi. "Ponsiano ndiye aliyemfundisha kulala chali."

"Ndiye."

"Basi amefanya kazi yake." Bibi alijifuta pua. "Nishike mkono niinuke."

*

Kioo kiliuliza: HARUDI?

Gaude alitangulia, kwa sababu alisema akiwa wa mwisho atakimbia. Aliweka kidole, akasema haraka, akatoka nje. Leokadia akafuata. Alifikiri ulimi utakuwa mzito tena, na ulikuwa mzito, lakini alilisukuma neno kama mtu anayesukuma mtumbwi mchangani, likaingia majini.

"Harudi."

Bibi Skola alijifunga kanga vizuri, akaweka kidole.

"Ningejua njia aliyopita ningemfuata nimrudishe kwa sikio," aliiambia mashine. "Alikuwa mtoto msumbufu, alizaliwa miguu ikitangulia, na hajawahi kunikosea adabu."

JIBU KWA NENO MOJA, kiliandika kioo.

"Hana malezi huyu," Bibi alimwambia Oresto.

"Ndivyo walivyotengenezwa, Bibi."

"Mtu anazungumza habari za mwanawe, yeye anataka neno moja." Alivuta pumzi. Aliangalia kona ya kioo, chini ya kipimo cha betri, akasoma kwa mara ya mwisho, midomo ikifuata herufi. "Harudi."

Kona ikawa tupu. Hakuna kengele iliyolia.

Oresto alivua kofia, akakaa nayo mkononi kidogo, kisha akaivaa. "Haya. Ubao. Mara ishirini ishirini. Na atembee kama yeye mwenyewe, nisione mtu anaburuta mguu."

Kutembea kama mwenyewe kuliwasumbua kuliko walivyodhani. Gaude alijikuta mara tatu anasita katikati ya ubao na kugeuza kichwa, na Oresto akamrudisha. Watu wa soko walikuja kutazama, wakapiga makofi kwa mwendo wa kila mmoja. Bibi aliwaambia wakanunue vitu waache uvivu. Mbuzi alijaribu kupanda mara mbili. Kengele ikanyamaza mara zote mbili, na watu wakashangilia kuliko walivyowahi kumshangilia Baba yeyote.

Editha alikuwa bado gatini.

"Umebaki wewe," alisema Oresto. "Bila miguu yako siwezi kufunga sakafu."

Mtoto alifikiri. Alipanda na kushuka mara ishirini, kwa hasira, akikanyaga kila ubao kama mtu anayegonga muhuri. Alipomaliza ya ishirini alishuka tena, akarudi kukaa mahali pake pembeni ya Mama Zeno.

"Mama," aliita. "Washa."

"Panda kwanza."

"Washa nikiwa huku."

Leokadia alielewa. Aliingia chumba cha usukani, akabonyeza kitufe. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, kwa nguvu, ili mtoto aone mkono wake dirishani.

"Imekataa?" aliuliza Editha.

"Imekataa."

"Jaribu tena."

"Imekataa, mwanangu. Imekataa kabisa. Njoo wewe ujaribu."

"Kama ni hivyo ingoje," alisema Editha, akamgeukia Mama Zeno. "Nipe mwingine, yule mwenye kichwa."

Akamla samaki yule taratibu, mkia kwanza, akinyonya mifupa. Ilikuwa saa nane kasorobo, jua limepita utosi, watu wa Kala wanapiga simu kuuliza kulikoni. Hakuna aliyemharakisha. Leokadia alikaa kwenye ngazi ya boti, mikono magotini, akimtazama anavyokula, na alikuwa tayari kukaa pale mpaka soko lifungwe. Editha aliosha mikono, akakunja kanga ya watu, akairudisha kwa mwenyewe kwa kupiga goti. Ndipo akapanda.

Injini ikanguruma.

Siku hizi kabla ya kuondoka Leokadia huita majina kwa mdomo, hata kama kioo kimekwisha kuandika SAFARI NJEMA, na kila mmoja huitika. Gaude ndiye anayeshika usukani. Ponsiano yuko makaburini Kirando, upande wa juu, maji yasipofika, na *Tutafika Tu* hutia nanga hapo Jumatatu moja kila wiki mbili. Huwa inakaa mpaka saa sita, kisha inakwenda Kipili.